Jua la Haki Likiwa Utosini

Mhadhara uliotolewa katika ukumbi wa kanisa, Kisumu, Jumapili ya pili ya Majilio

Bwana Yesu asifiwe. Tena asifiwe. Ndugu zangu Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo. Na nyinyi ndugu zangu wa Sabato mlioketi pale nyuma karibu na mlango, Sabato njema, ingawa nimechelewa kwa siku moja. (Kicheko.) Nafurahi mmekuja, maana kuna mahali nitawahitaji.

Mwenyekiti amenitambulisha kwa maneno makubwa. Mimi ni mwalimu mstaafu tu. Nilifundisha jiografia na dini kwa miaka 28, na kila nilipoambiwa nichague somo moja nilijifanya sikusikia.

Mazungumzo ya leo yalizaliwa na ujumbe wa simu. Kijana mmoja wa kwaya, simtaji jina na yuko hapa, alinitumia ujumbe unaosema Krismasi ni sikukuu ya mungu jua wa Warumi, Wakristo wamedanganywa, tuma kwa watu kumi. Chini yake akaongeza yake: "Kwa hivyo Mwalimu, tusipike chapati?" (Kicheko.) Nilimjibu kwa mistari miwili, hakuridhika, na hakukosea. Nitamjibu leo, ila kwanza tazameni saa zenu.

Ni saa ngapi? (Sauti: Saa tisa!) Saa tisa. Lakini ule mshale mfupi uko kwenye tatu. Mbona hakuna aliyesema saa tatu? Hakuna, kwa sababu Mswahili akitazama saa hasomi anachokiona. Anahesabu jua limetembea saa ngapi tangu lichomoze.

Wayahudi na Warumi wa wakati wa Bwana walihesabu hivyo hivyo. Nilipokuwa nikifundisha Injili kwa Kiingereza, kila mwaka nilipoteza kipindi kizima nikiwaeleza wanafunzi kwamba ile saa ya tatu katika kitabu ni saa ya tisa kwenye saa yao ya ukutani. Nikifungua Biblia ya Kiswahili, kazi hiyo haipo. Marko 15:25: "Basi ilikuwa saa tatu, nao wakamsulibisha." Saa tatu ile unayoijua, chai imekwisha na duka limefunguliwa. Kuanzia saa sita kukawa giza hata saa tisa. Na ilipofika saa tisa, saa hii hii tuliyo nayo humu, Yesu akapaza sauti yake. Huhitaji maelezo chini ya ukurasa. Unaisoma habari ya mateso na jua likiwa juu yako mahali lilipokuwa juu yao.

Chukueni yule mwanamke Msamaria. Yohana anasema ilikuwa yapata saa sita. Kina mama, nani anakwenda kisimani saa sita? (Sauti za kina mama: Hakuna!) Watu huteka maji alfajiri, wengine jioni. Anayekwenda saa sita anakimbia macho ya watu, au maji yamemwishia ghafla, au yote mawili. Yohana hakueleza. Aliandika saa, akaliachia jua limalizie habari.

Na wale vibarua wa shamba la mizabibu, Mathayo 20. Wa kwanza walichukuliwa alfajiri, wengine saa tatu, saa sita, saa tisa, na wa mwisho saa kumi na moja. Jioni wote wanalipwa sawasawa, na wale wa alfajiri wananung'unika: sisi tuliostahimili taabu na hari za mchana kutwa! Sisi tulio na neno jua kali, ambalo ni jina la kazi, la soko na la maisha ya nusu ya mji huu, tunajua walilolalamikia. Fundi anayechomelea mageti kando ya barabara hahitaji mhubiri wa kumfafanulia hari za mchana kutwa.

Nimeanzia hapo makusudi. Watu wakisema jua ni ishara katika imani yetu, mawazo hukimbilia madirisha ya rangi na michoro ya miale ya dhahabu. Katika Biblia jua huja kwanza kama mfanyakazi. Lina kazi, na kazi yake inatajwa: "iwe ndiyo dalili na majira na siku na miaka," Mwanzo 1:14. Ni saa ya ukutani, na ni taa.

Wanafunzi wa kidato cha tatu walikuwa wakinibana hapo. Mwalimu, nuru imeumbwa siku ya kwanza, mimea siku ya tatu, jua siku ya nne. Mimea iliota vipi? Nilikuwa nawaambia, mwandishi wa Mwanzo alilijua shamba kama mkulima yeyote wa hapa jirani Kano anavyolijua. Hakusahau kwamba mahindi yanataka jua. Alilisogeza hadi siku ya nne akijua anachofanya. Majirani zake wa Misri walimwabudu Ra, mungu jua wao, majirani wa Babeli walimwabudu Shamash, naye mungu jua, na Kiebrania cha jua ni neno lile lile, shemesh. Basi hakulitaja hata jina! Someni vizuri: Mungu akafanya mianga miwili mikubwa, mwanga ulio mkubwa utawale mchana. Jina halimo. Ni kama kwenda kwenye mkutano wa mtu mkubwa wa kaunti, mbele ya wapambe wake wote, ukamwita "yule bwana wa tochi". (Kicheko.) Waliokuwapo walielewa.

Na ilibidi waambiwe, kwa sababu kishawishi kilikuwa hapo hapo mlangoni. Kumbukumbu la Torati 4:19 linaonya mtu asiinue macho mbinguni, aone jua na mwezi na nyota, akashawishika kuviabudu. Ayubu anaapa hajawahi kulitazama jua liking'aa akalibusia mkono wake. Mfalme Yosia aliwaondoa farasi ambao wafalme wa Yuda walikuwa wamelitolea jua, pale pale kwenye maingilio ya nyumba ya Bwana, na magari ya jua akayachoma moto. Kama kuna farasi wa jua getini mwa hekalu, si jambo la wapagani wa mbali tena.

Kuna mahali panaponikaa moyoni zaidi, Ezekieli 8. Hekalu la Yerusalemu lilikuwa na mlango mashariki, na patakatifu pa patakatifu palikuwa magharibi. Kwa hivyo aliyeingia kuomba alilipa jua la asubuhi mgongo. Ezekieli anaonyeshwa wanaume kama ishirini na watano kati ya ukumbi na madhabahu, wamegeuka, migongo yao kwenye hekalu na nyuso zao mashariki, wakiliabudu jua. Hawakuhama kanisa. Walisimama pale pale walipozoea, wakageuka tu. Wekeni hapo alama, nitarudi.

Sasa niseme jambo la nyumbani. Bibi yangu mzaa baba, Dani, alikuwa amebatizwa na alikuwa na rozari. Lakini kila asubuhi alitoka nyuma ya nyumba, akaelekea kule jua linakochomoza, akatema mate kidogo na kusema maneno ya kuiombea siku. Wazee wengi wa Kijaluo walifanya hivyo. Kwa Kijaluo jua ni chieng', na chieng' hiyo hiyo ni siku. Ukiiombea siku, umelitaja jua, hakuna njia nyingine. Upande wa pili wa milima ile ya Nandi, jirani zetu Wanandi na Wakipsigis walimwita Mungu Asis, na jua linaloonekana ni asista. Nao waliomba wakielekea mashariki asubuhi. Mwalimu wa dini wa siku zile alimwambia Dani anaabudu jua. Alikasirika, na Dani akikasirika nyumba nzima ilihama. Alimuuliza kama mtu anayebisha hodi anaongea na mlango.

Simtetei kwa kila kitu. Ezekieli bado yuko pale na mkono wake umenyooka. Ninachosema ni kwamba mtu kuelekea mashariki hakuniambii bado anamwomba nani. Na kama ni kosa, basi tumekosa wengi, maana Wakristo wa kale nao waliomba wakielekea mashariki. Tertuliano, mwandishi Mkristo wa Karthago, Afrika Kaskazini, karibu mwaka 197, aliandika kuwatetea dhidi ya uvumi kwamba mungu wao ni jua, uvumi uliotokana na jinsi walivyosimama kuomba. Kumbe ule ujumbe wa simu una zaidi ya miaka 1,800, ila zamani ulisambazwa kwa mdomo. Yerusalemu ya karne ya nne, askofu wake, Mtakatifu Kirilo, anawakumbusha waliobatizwa jinsi walivyosimama kwanza wakielekea magharibi, mahali pa giza, wakamkana Shetani, halafu wakageuzwa mashariki wakaikiri imani. Mimi nikisoma hapo huwa nacheka, kwa sababu magharibi ya Kisumu ni ziwa. Ukimwambia mvuvi wa ufuo wetu wa Dunga akatae upande wa samaki atakuuliza kama umekula. (Kicheko.)

Walipata wapi ujasiri wa kuugeukia upande ambao Ezekieli aliulaani? Kwa nabii wa mwisho katika Agano la Kale. Malaki 4:2: "Lakini kwenu ninyi mnaolicha jina langu, jua la haki litawazukia, lenye kuponya katika mbawa zake." Kisha Zakaria, baba yake Yohana, anauita ujio wa Kristo mwangaza utokao juu, na katika Kigiriki cha Luka neno lile ni maawio, kuchomoza. Wakasema, basi tunamngoja huyu achomoze.

Mbawa zinatoka wapi, jua lina mbawa? Katika Misri na nchi zile zote jua lilichorwa hivyo, duara lenye mbawa mbili. Mwaka 2015 huko Yerusalemu ilitangazwa lakiri ndogo ya udongo yenye jina la Mfalme Hezekia, na katikati yake kuna jua lenye mbawa. Hezekia! Mfalme mcha Mungu, aliyevunja sanamu. Kwa hiyo Malaki hakubuni picha. Aliichukua picha ambayo kila mtu aliijua, akaipa kazi nyingine.

Ila mimi kuponya huko sikukuelewa kwenye vitabu. Nilikuelewa ufuoni. Kuna mama wa omena, wale dagaa wa ziwani, hapa? (Mikono inainuliwa.) Mama, nisahihishe nikikosea. Omena huvuliwa usiku, usiku usio na mwezi, kwa taa. Zamani karabai, siku hizi nyingi ni taa za sola. Asubuhi samaki wanatandazwa juu ya neti. Jua likiwa zuri, jioni zinakunjwa. Mvua ikinyesha? (Sauti ya mama: Zinaharibika, tunauzia wa chakula cha kuku. Hasara!) Mmesikia. Kwa mama huyu, jua kutoka ni karo ya shule. Malaki aliandikia watu wa namna hiyo. Na ukisoma mstari wa kwanza wa sura ile ile, siku ile inawaka kama tanuru na wenye kiburi wanakuwa makapi. Jua hilo hilo moja linaichoma nyasi na kuihifadhi omena.

Ndiyo maana sipendi mahubiri yanayolipaka jua sukari. Zaburi 84 inasema Bwana ni jua na ngao, lakini Zaburi 121 inaahidi jua halitakupiga mchana. Yona lilimpiga kichwani hata akazimia. Watu waliovaa mavazi meupe katika Ufunuo 7 wanaahidiwa kwamba jua halitawapiga tena wala hari. Biblia iliandikwa katika nchi ya jua kali. Haikuandikwa na watu waliokuwa wakilitafuta jua kama chanjo.

Na hapo ndipo tunafika Roma na chapati za kijana wangu.

Kaisari Aurelian alilijengea hekalu Jua Lisiloshindwa, Sol Invictus, mwaka 274. Hilo ni kweli. Kaisari Konstantino, hata alipoanza kuwapendelea Wakristo, aliendelea miaka kadhaa kupiga sarafu zenye jua hilo kama mwandani wake. Hilo pia ni kweli. Sasa tarehe 25 Desemba: iko hati ya Roma iliyokusanywa mwaka 354, kalenda kubwa yenye orodha nyingi. Katika orodha moja, tarehe 25 Desemba ni kuzaliwa kwake Asiyeshindwa, na panaandaliwa mbio 30 za magari ya farasi. Katika orodha nyingine ya hati hiyo hiyo, tarehe hiyo hiyo, Kristo amezaliwa Bethlehemu ya Yudea. Mnaona tatizo? Ujumbe wa simu unasema Wakristo waliiba. Lakini ushahidi wa sikukuu ya jua siku hiyo na ushahidi wa Krismasi vinatoka kwenye kabati moja. Wataalamu wamegawanyika. Wako wanaosema Kanisa liliiweka sikukuu yake juu ya ile ya kipagani. Wako wanaosema hesabu ilianzia Pasaka: tayari kwa Tertuliano tunakuta kifo cha Bwana kimewekwa tarehe 25 Machi, na Mtakatifu Agustino, askofu wa Afrika Kaskazini, anasema Bwana alichukuliwa mimba siku iyo hiyo aliyokuja kufa. Ongeza miezi tisa. (Sauti: Desemba 25.) Bila kumwomba Aurelian chochote.

Mimi naegemea hesabu ya Machi, lakini sitapigana. Kwa vyovyote vile, Wakristo wa Roma waliijua picha ya jua, wakaitumia mchana kweupe. Chini ya Basilika ya Mtakatifu Petro kuna kaburi dogo, na kwenye dari yake, kwa vijiwe vya rangi, Kristo amechorwa juu ya gari la farasi, miale ikitoka kichwani, kama mungu jua. Walimvisha Kristo nguo ya yule, kama Malaki alivyochukua zile mbawa. Je, kulikuwa na hatari? Kubwa. Papa Leo Mkuu, katikati ya karne ya tano, katika mahubiri ya Noeli, analalamika kwamba kuna Wakristo ambao, kabla ya kuingia kanisani kwa Mtakatifu Petro, wakifika juu ya ngazi wanageuka na kuliinamia jua linalochomoza. Mlango wa kanisa lile ulikuwa mashariki. Migongo kwenye nyumba ya Mungu, nyuso kwenye jua. Ile alama niliyowaambia muweke, ndiyo hiyo, Ezekieli 8 miaka elfu moja baadaye.

Kwa hiyo, kijana wangu, chapati pika. Tarehe haina dhambi. Angalia tu umegeukia wapi.

Ndugu wa Sabato, nimewafikia. Mnatuambia Jumapili ni siku ya jua, na mnamtaja Konstantino, mwaka 321. Sheria ipo: katika siku tukufu ya Jua mahakimu, watu wa mijini na karakana wapumzike, ila wakulima waliruhusiwa kuendelea na kazi, mvua isije ikawapita. Alisema siku ya Jua, hakusema siku ya Bwana. Nakubali. Lakini Yustino Mfiadini aliandika huko huko Roma karibu mwaka 155, yaani miaka kama 165 kabla ya sheria ile, kwamba Wakristo hukusanyika siku iitwayo ya Jua, kwa sababu ndiyo siku Mungu alipoligeuza giza akaufanya ulimwengu, na ndiyo siku Yesu alipofufuka. Konstantino aliikuta siku ina wenyewe. Hilo halimalizi mjadala wetu wa amri ya nne, ile ya Sabato, na tangu misheni yenu ya Gendia ianzishwe mwaka 1906 tumeujadili vya kutosha. Sitegemei kuumaliza kabla ya soda. (Kicheko.)

Na Kiswahili hapa kinatupiga chenga. Kwetu siku hii haina jua wala Bwana, ni ya pili tu, kwa kuwa juma la Waswahili linahesabiwa baada ya Ijumaa. Jumamosi ni mosi. Mtu akisoma kwamba wanawake walikwenda kaburini siku ya kwanza ya juma, akahesabu kwa Kiswahili, atampeleka Maria Magdalene kaburini Jumamosi. Saa za Kiswahili ni rafiki wa Injili, siku zake tuziombee.

Sasa nivae kofia yangu ya jiografia, kwa sababu hili ndilo lililonileta.

Krismasi ya Ulaya inategemea kitu ambacho hapa hakipo. Roma, mwishoni mwa Desemba, mchana ni wa saa tisa na dakika chache. Juni unafika saa kumi na tano. Mtu wa kule anaona jua likifa kidogo kidogo tangu Juni, halafu karibu na Krismasi linaanza kufufuka. Agustino alilitumia vizuri sana: Yohana Mbatizaji anaadhimishwa Juni, siku zinapoanza kufupika, Kristo Desemba, siku zinapoanza kurefuka, ndiyo maana Yohana alisema "Yeye hana budi kuzidi, bali mimi kupungua." Ni mahubiri mazuri mno. Lakini yahubiri Kisumu uone. Ikweta inapita Maseno, mwendo mfupi tu kutoka hapa, na kibao chake mnakijua. Tofauti kati ya mchana wa Juni na wa Desemba hapa kwetu haifiki dakika moja. Jua letu halizidi wala halipungui. Nilikua nikiimba nyimbo za Noeli zenye theluji na usiku mrefu, nikitoka jasho, nikidhani ni sisi tulio na kasoro.

Lakini jua letu linatembea. Simama Dunga jioni. Desemba linazama kule kwenye maji ya ghuba. Juni limehamia kulia, linazama nchi kavu, upande wa Kisian na Seme. Na katikati ya safari hiyo, mara mbili kwa mwaka, linapita utosini. Mara ya kwanza ni karibu tarehe 20 Machi. Siku hiyo chomeka fimbo wima uwanjani. Kwa saa ya simu itakuwa saa sita na dakika 48 hivi, kwa maana saa za Kenya zimepangwa kwa mstari ulio mashariki yetu, na jua la Kisumu huchelewa. Kivuli cha fimbo kitaingia ndani ya fimbo. Kila kitu kitasimama juu ya kivuli chake chenyewe. Baada ya hapo mvua ya masika inakuja, maana katika nchi zetu mvua hulifuata jua.

Na Pasaka ni lini? Tangu Mtaguso wa Nikea, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, Makanisa yalikubaliana kuiadhimisha siku moja, na hesabu iliyoshika ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza, kuanzia tarehe 21 Machi. Siku ile ile usiku na mchana vinapolingana duniani kote, siku ambayo hapa jua liko utosini. Mtu wa kaskazini ana sikukuu yake ya jua Desemba. Jua la ikweta likitaka kuhubiri juu ya Kristo, linahubiri Pasaka. Saa sita, bila kivuli, juu ya kila kichwa, waovu na wema, kama Mathayo 5:45 inavyosema. Padri Mwitaliano anaweza kuninyang'anya Desemba, lakini Machi ni yangu. (Makofi.)

Msipige makofi bado, kwa sababu katika Pasaka hiyo hiyo jua linazimika.

Giza tangu saa sita hata saa tisa. Watu husema lilikuwa kupatwa kwa jua. Haiwezekani, na aliyelisema hilo mapema ni Mkristo, Julius Africanus, karne ya tatu: Pasaka ya Wayahudi huangukia mwezi mpevu, na jua hupatwa mwezi ukiwa mwandamo. Tena kupatwa kikamilifu hakufiki dakika nane. Wengi wenu mnakumbuka Jumapili jioni, tarehe 3 Novemba 2013. Kivuli kamili kilipita kaskazini mwa Uganda na Turkana, na hata kule giza lenyewe halikufika nusu dakika; sisi tulipata sehemu tu. Saa tatu nzima ni habari nyingine. Wainjili hawakueleza ni nini. Luka anasema tu jua limepungua nuru yake. Ile saa ya ukutani ya Mwanzo, iliyowekwa kuhesabu majira, ikasimama kuhesabu wakati ule ambao jua lingekuwa kali kuliko wakati wote. Mimi nikifika hapo huwa sina maelezo ya jiografia.

Muda wangu umekwisha, naona mwenyekiti anatazama saa yake, na sijui anasoma mshale au anasoma jua. (Kicheko.) Niruhusu swali moja au mawili. Mama wa omena, naona mkono.

(Mama: Mwalimu, umesema vizuri. Lakini Ufunuo unasema mji ule hauhitaji jua. Na mwanzo wa sura hiyo inasema hapana bahari tena. Sasa sisi wa Dunga tutakwenda kufanya nini huko?)

(Kicheko kirefu.) Mama, umenikamata. Ndiyo, Ufunuo 21: mji hauhitaji jua wala mwezi, taa yake ni Mwana-Kondoo. Angalia neno: hauhitaji. Mtu mwenye stima nyumbani hahitaji kibatari, lakini si lazima awe amekivunja. Na kuhusu maji, rudi kwa Ezekieli, yule yule aliyewaona wazee wakiligeukia jua. Mwisho wa kitabu, sura ya 47, anaonyeshwa tena hekalu na tena mashariki. Safari hii hakuna mtu aliyegeuka. Maji yanatoka chini ya kizingiti yanaelekea mashariki, yanakuwa mto, yanaingia katika bahari ya chumvi na kuiponya. Halafu mstari wa 10: wavuvi wamesimama kando yake, na kuanzia Engedi mpaka En-eglaimu ni mahali pa kutandazia nyavu.

(Mama: Kutandaza?)

Kutandaza, mama. Imeandikwa.

(Mama: Basi jua litakuwepo.)